Upepo wa ziwa na ardhi ya kijiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale kuhusu umeme wa upepo na ardhi ya kijiji, mwaloni, msibani, kwenye foleni ya kivuko na nje ya ofisi za vijiji, kuanzia Magu hadi Buchosa, kandokando ya Ziwa Victoria. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, kwa sababu jibu la mdomo likifika kijiji cha pili linakuwa limeshapungua. Mimi ni mtoto wa mvuvi aliyelima pia mihogo. Si mwanasheria, na panapohitaji mwanasheria nimesema hivyo.

Mbona unatuambia habari za mashamba ya upepo na huku kwetu hayapo?

Hayapo bado, ni kweli. Ukipanda kilima cha Bugando ukalitazama ziwa, utaona mitumbwi, vivuko na mawe, lakini huoni pangaboi hata moja la kufua umeme. Nchi nzima mitambo hiyo ni michache. Ule wa Mwenga, Mufindi, ni wa megawati 2.4 tu, na mradi mkubwa wa Singida umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini upepo wa ziwa kila mvuvi anaujua. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukaingia kutoka ziwani. Usiku unageuka, unatoka bara kwenda majini. Mahali penye upepo wa kutegemewa hivyo, wapimaji huja. Na katika miradi niliyoifuatilia, Kenya, Mexico na hata Norway, wananchi wengi walianza kuisoma sheria karatasi zikiwa zimeshasainiwa. Nataka sisi tuisome kabla.

Kwa hiyo wewe unapinga umeme wa upepo?

Hapana. Nimeishi Mwanza wakati wa mgao, nikaona samaki wa wauzaji wadogo wakiharibika kwenye majokofu yaliyozimika, kinyozi amekaa kibarazani tangu asubuhi na mashine yake mkononi. Nchi inayotegemea mabwawa hupata taabu mvua ikikosekana, hata ikiwa na bwawa kubwa kama la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Upepo hautoi moshi, hauhitaji maji, na mara nyingi huvuma vizuri majira ambayo mito imepungua. Tunauhitaji.

Kilichonisukuma kwenye mambo haya ni kitu kingine. Nilipokuwa darasa la nne, nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya shamba la baba yangu mdogo. Miembe ikakatwa ndani ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaopitiwa na nyaya, akakatazwa kujenga na kupanda miti, na fidia aliyopewa hakuelezwa ilivyohesabiwa. Usiku tulizisikia nyaya zile zikiunguruma juu yetu, nasi tunasomea koroboi. Umeme ulipita kwetu miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Baba mdogo hakuwahi kuuchukia umeme. Alichosema mpaka anafariki ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Haki ya nishati ni nini hasa?

Ni kuuliza maswali manne na kutokubali kunyamazishwa kabla hayajajibiwa. Nani anapata umeme huu? Nani anabeba mzigo wake: ardhi, kelele, barabara za malori, makaburi yanayohamishwa? Nani aliulizwa, na aliulizwa lini, kabla au baada? Na nani hakuonekana kabisa wakati wa kuhesabu watu?

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu orodha za waathirika huanza na wenye nyumba na wenye mashamba. Mama anayeanika dagaa kwenye mchanga hana shamba pale. Kijana anayechunga ng'ombe wa mjomba wake hana shamba. Bibi anayechuma dawa kwenye ngitili, yale malisho yaliyohifadhiwa, hana shamba. Wote wanaishi kwa ardhi ileile.

Serikali imefanya kazi kubwa kufikisha umeme katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Hilo nalisifu. Lakini kijiji kufikiwa ni jambo moja na nyumba kuwaka taa ni jambo jingine. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na kwa kaya nyingi kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni gharama kubwa kuliko hiyo ada. Halafu kuna jiko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mpaka leo wanawake wa mwaloni wanakaanga na kubanika samaki kwa kuni, macho mekundu kwa moshi. Shamba la upepo likijengwa kilimani juu yao na wao wakabaki na kuni zao, nani ataniambia haki imetendeka?

Huko nje walipinga kwa sababu gani? Hawakutaka maendeleo?

Nitaanza na wavuvi wenzetu. Kusini mwa Mexico, jimbo la Oaxaca, kuna sehemu nyembamba ya nchi iitwayo Tehuantepec ambako upepo ni mkali kupita kiasi. Kampuni ilipanga mitambo 132 ya jumla ya megawati 396, mingi ikae juu ya ulimi wa mchanga uitwao Barra Santa Teresa, katikati ya mabwawa ya maji chumvi ambako watu wa Ikoots huvua samaki na kamba. Kwa wavuvi wale, ulimi ule ni njia ya kwenda kuvua na ni mahali pa ibada. Walihofia kelele, mitetemo na taa za mitambo zingefukuza kamba, na kwamba walinzi wangewazuia kupita. Kilichowakasirisha zaidi ni kwamba ruhusa ilitoka kwa viongozi wa mji bila mkutano wa wananchi kuridhia, wakati kwa desturi yao ardhi ni ya wote na mkutano ndio wenye kauli. Wakaweka vizuizi barabarani, wakaenda mahakamani, na Desemba 2012 jaji akasimamisha mradi. Mitambo haikujengwa pale. Ilihamishiwa upande wa Juchitán, na huko nako ugomvi ukaendelea.

Karibu na sisi kuna mradi wa Ziwa Turkana, Kenya. Uko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, na una mitambo 365 na megawati 310. Ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya wafugaji. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Mapangaboi yakasimama pale zaidi ya mwaka, na serikali ya Kenya ikalazimika kumlipa mwekezaji kwa ucheleweshaji huo. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru ikasema hati za ardhi ile zilitolewa kinyume cha sheria. Fikiria wafugaji wale: wamefungua kesi mwaka 2014, hukumu imekuja miaka saba baadaye, mitambo imeshasimama na inazalisha.

Norway, nchi tajiri yenye mahakama zinazoheshimika, yalitokea yaleyale. Tarehe 11 Oktoba 2021 majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi walikubaliana kwamba vibali vya mashamba mawili ya upepo huko Fosen, yenye mitambo 151, vilivunja haki ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, ya kuishi kwa utamaduni wao. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Siku 500 baada ya hukumu vijana wa Kisami walikuwa wamekaa sakafuni kwenye ofisi za wizara mjini Oslo. Maridhiano yalipatikana Desemba 2023 kwa kundi moja na Machi 2024 kwa jingine, na mitambo bado ipo.

Kinangop, Kenya, ni mfano wa upande wa pili. Wakulima wa viazi waliukataa mradi wa megawati 60, maandamano yakagharimu uhai wa mtu, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Wapo wanaousema kama ushindi. Mimi nikiufikiria naona familia iliyozika, wakulima waliogawanyika kati ya waliopangisha mashamba na waliokataa, na umeme ambao haukuzalishwa. Mazungumzo ya kweli yangefanyika mapema, huenda pangekuwa na mitambo na viazi.

Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo ambapo watu waliukataa upepo. Walikataa kufanywa hawapo.

Hapa Tanzania jambo kama hili limewahi kutokea?

Kwa upepo bado. Kwa nishati nyingine iliyoitwa safi, ndiyo, na kila kijiji kinapaswa kuijua habari ya Kisarawe. Kampuni ya kigeni ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 vya wilaya hiyo ili ilime mbono kaburi wa kukamua mafuta ya mitambo. Wananchi waliahidiwa ajira, visima, zahanati na barabara. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka. Vibarua wakarudishwa nyumbani, na ardhi haikurudi kwao, kwa sababu ilikuwa imeshahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo tena mikononi mwa kijiji bali chini ya serikali kuu. Shamba likapata mmiliki mwingine. Wanakijiji wakabaki kulitazama.

Wekeni hilo kichwani mnaposoma jibu linalofuata.

Nani ana mamlaka ya kutoa ardhi ya kijiji?

Ardhi yote ya Tanzania Bara iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Angalia neno: inasimamiwa. Mwenyekiti hana ardhi ya kugawa kama anavyogawa karanga za nyumbani kwake. Mtendaji hana. Diwani hana. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu.

Mwekezaji wa kigeni haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hawezi kuimiliki ikiwa bado ni ya kijiji. Kwa hiyo njia iliyozoeleka ni kuihamisha kwanza iwe ardhi ya jumla. Hapo ndipo pa kukaa macho. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, ambazo ni ekari 600 na ushei, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi unakuwa wa waziri. Ombi linapotaja hekta 260 au 300, ulizeni kwa upole lakini bila kuchoka: hizo za ziada ni za nini?

Sheria inasema pia kwamba uhamisho haufanyiki mpaka makubaliano yafikiwe kuhusu fidia: ya aina gani, kiasi gani, italipwa vipi na lini. Sheria inataka iwe hivyo kabla ya uhamisho. Na mwekezaji anaweza kuagizwa kuja mwenyewe mbele ya mkutano mkuu kujieleza na kujibu maswali. Mtakeni aje. Msikubali kuambiwa na mtu aliyetumwa na aliyetumwa.

Ipo njia nyingine inayotajwa mara chache, nayo ni kijiji kupangisha au kuingia ubia bila kuhamisha ardhi. Hapa nendeni na mwanasheria. Mashirika ya msaada wa kisheria yapo Mwanza mjini, na nauli ya kuwafuata mawakili wao haifiki hata gharama ya chai ya kikao kimoja cha halmashauri ya wilaya.

Wamesimamisha mlingoti mrefu mwembamba wenye nyaya pembeni. Ndio mtambo wenyewe?

Siyo. Huo ni wa kupimia upepo: kasi, mwelekeo na mabadiliko ya usiku na mchana. Kwa kawaida hukaa mwaka mzima au zaidi, ili majira yote yapimwe. Hauna madhara, lakini ni taarifa kwenu. Nguvu ya upepo hupanda haraka kuliko kasi yake. Upepo ukitoka mita 5 kwa sekunde ukawa mita 6, nguvu inaongezeka kwa asilimia 70 hivi. Ndiyo maana tofauti ndogo kati ya kilima kimoja na kingine ina thamani kubwa kwa mpimaji. Ulizeni siku hiyohiyo: nani ameruhusu, kwa barua ipi, na matokeo yataletwa lini kwenye mkutano mkuu. Msimamizi wa mlingoti akisema hajui, mwandikieni aliyemtuma.

Mtambo mmoja unahitaji ardhi kiasi gani?

Kidogo kuliko mnavyoambiwa. Msingi wa zege wa mtambo mkubwa una upana wa mita 15 hadi 25. Ongeza barabara, uwanja wa kuwekea winchi wakati wa ujenzi, nyaya za chini ya ardhi na kituo cha kupozea umeme. Mitambo hupandwa mbalimbali ili mmoja usiunyime mwingine upepo, lakini nafasi ya katikati haina kazi na mapangaboi yaliyo juu sana. Ulaya ng'ombe wanalisha chini yake na ngano inavunwa.

Sasa chukueni zile ekari 150,000 za Turkana mzigawe kwa mitambo 365. Mnapata ekari 410 na ushei kwa kila mtambo. Kwetu ekari 410 ni majaruba ya kitongoji kizima, na ngitili yake juu. Hakuna sababu ya kiufundi ya kufunga eneo lote hilo. Daini mkataba utaje kwa mita mahali pa msingi na mahali pa barabara, na kwingineko kote mbaki mkilima choroko na viazi na kuchunga kama kawaida.

Ni kweli mitambo hufukuza mvua na kuleta magonjwa?

Mvua hapana. Nimesikia wazee wakisema wingu likikaribia pangaboi linatawanyika. Mvua yetu inatokana na mifumo mikubwa ya hewa na ziwa lenyewe, na mitambo michache kilimani haiwezi kuigeuza. Nawaomba hoja hii tuiache kabisa. Siku mtakapoisema mbele ya wataalamu, wataitumia kuonyesha kwamba hamjui lolote, na hoja zenu za kweli zitatupwa pamoja nayo.

Kelele ni jambo la kweli. Pangaboi hutoa mvumo wa kujirudia, na usiku kijiji kikiwa kimya unasikika zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza wastani wa kelele za mitambo ya upepo usizidi desibeli 45, usiku ukihesabiwa kwa uzito zaidi. Utafiti umeonyesha kero kwa wanaoishi karibu mno, na wapo wanaolalamikia usingizi. Madai ya magonjwa ya ajabu kutokana na sauti zisizosikika hayajathibitishwa. Pia jua likiwa chini, kivuli cha pangaboi hupita madirishani kikiwaka na kuzima, na hiyo ni kero ya kweli. Dawa ya yote mawili ni umbali kutoka nyumba, na umbali huo uandikwe kwenye mkataba.

Na ndege?

Tai, furukombe, korongo na popo hugongwa na mapangaboi. Ghuba ya Speke na visiwa vyake ni makazi ya ndege wengi wa majini, kwa hiyo uchunguzi wa njia zao ufanyike majira yote, usiwe wa wiki mbili za kiangazi.

Fidia inahesabiwaje?

Sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ndani yake kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko, thamani ya majengo na mazao ya kudumu, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, yanazaa riba. Makaburi yana utaratibu wake na malipo yake.

Siku ya uthamini uwepo wewe mwenyewe. Hesabu miti yako kabla mthamini hajafika, mwembe kwa mwembe, na upige picha. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Dai nakala. Nimeona fomu ambayo mzee mmoja aliweka dole gumba, na kiasi kikajazwa baadaye.

Neno kwa wanaume, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona ukoo wetu wenyewe. Fidia ikiingia kwenye akaunti ya baba peke yake, mara nyingi mama na watoto husikia tu harufu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Majina mawili yaandikwe kwenye fomu. Wajane wasipitwe eti shamba ni la ukoo.

Sisi wavuvi hatuna hati ya mwalo wala ya ziwa. Tutadai nini?

Mtadai riziki na njia. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa umewekewa zuio la shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Sheria hiyo imewabana ninyi mnapojenga vibanda. Na mwekezaji naye imbane. Kupitia vikundi vyenu vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, andikeni mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote: mitumbwi mingapi inatia nanga hapa, dagaa wanaanikwa sehemu gani na miezi gani, wanawake wangapi wanauza, njia ipi ya miguu inashuka kutoka kijijini. Iandikwe na tarehe na sahihi. Mwaka wa tano wa mradi, mlinzi atakapowaambia njia hii haikuwahi kuwepo, daftari hilo ndilo litakalosema.

Kwa wavuvi wa dagaa kuna jambo jingine. Ninyi mnavua gizani kwa taa, na giza la mwezi mchanga ndilo linalowalisha. Minara mirefu huwashwa taa kwa usalama wa ndege za abiria. Iwapo mitambo itapendekezwa majini au ukingoni kabisa, daini athari hiyo ichunguzwe na isemwe wazi kwenye tathmini ya mazingira.

Sisi ni wa Ilemela na Nyamagana. Haya yanatuhusu?

Kwa sehemu. Mjini hakuna mkutano mkuu wa kijiji wenye mamlaka juu ya ardhi, maana ardhi ya jiji haisimamiwi kama ya kijiji. Fidia na tathmini ya mazingira vinawahusu sawasawa na wengine.

Tukikataa tutaitwa wachochezi. Tufanyeje?

Jina mtapewa, hilo siwezi kuwaficha. Lakini kuna njia za kisheria kabisa, na ndizo zenye nguvu. Mradi mkubwa hauruhusiwi kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo lazima iwashirikishe wananchi. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, wana ofisi ya kanda Mwanza. Ombeni kusoma ripoti, andikeni pingamizi, pelekeni nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma inatakiwa kuwajibu ndani ya siku 30.

Kule Lamu, Kenya, palipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wavuvi na wakazi hawakuchoma kitu. Walionyesha kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni. Mradi ule ulikuwa wa makaa, lakini sababu iliyouangusha inahusu mradi wowote: ushirikishwaji wa karatasi tu.

Chungeni muhtasari wa mkutano kuliko kitu kingine chochote. Usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na orodha ya mahudhurio ifungwe kwa mstari ili majina yasiongezwe usiku.

Na tukitaka kukubali, tuombe nini?

Tusiombe, tudai. Visima na madarasa ni vizuri, lakini ni vitu vya kutolewa mara moja, na mtambo utavuna upepo wenu miaka 20 au 25.

Denmark walifika mbali. Mbele ya jiji la Copenhagen, baharini, kuna mitambo 20 ya Middelgrunden, ya megawati 40, iliyojengwa mwaka 2000. Nusu yake ni mali ya ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000 walionunua hisa. Mwaka 2009 nchi hiyo ikaweka sheria kwamba mwekezaji lazima atoe angalau asilimia 20 ya hisa ziuzwe kwanza kwa majirani wa mradi. Sheria hiyo imebadilishwa baadaye, lakini ilionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Watu waliokuwa na hisa hawakuuona mnara kama mnara wa mtu mwingine.

Kanda ya Ziwa tunaujua ushirika tangu enzi za pamba. Umetuumiza na umetujenga, kwa hiyo tuna uzoefu wa pande zote mbili. Mimi ningedai hisa kwa kijiji, au sehemu ya mapato ya kila mwaka inayotajwa kwa asilimia. Ningedai kila nyumba iliyo ndani ya eneo la mradi iunganishwe, nyaya za ndani zikiwemo, kabla mtambo wa kwanza haujawashwa. Ningedai fedha za kubomoa mitambo ziwekwe benki tangu mwanzo, kwa kuwa mapangaboi ni vigumu kuyayeyusha na kuyatumia tena, na kampuni inaweza kufa kama ile ya mbono. Na ningedai ardhi irudi kijijini, kwa maandishi, mradi ukikoma.

Badala ya mitambo mikubwa, si bora umeme mdogo wa jua kama wa visiwani?

Una nafasi yake. Bwisya, kisiwani Ukara, walipata umeme wa jua wenye betri mwaka 2016, na mashine za kusaga na majokofu yakaanza kazi. Lakini bei ya uniti ilikuwa mara kadhaa ya ile ya gridi, ambako mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100. Mkazi wa kisiwani, ambaye tayari analipia nauli ya kivuko na bei ya juu ya sukari, akalipa zaidi pia kwa taa. Udogo wa mtambo hauleti haki wenyewe. Maswali yale manne yaulizwe hata kwa paneli moja ya juu ya paa.

Mtu amekuja jioni hii na karatasi. Anasema wenzangu wote wameshasaini, na kesho gari la wilaya linaondoka nazo. Nisaini?

Hapana, mama. Mwambie akuachie nakala, na umwombe aje nayo kwenye mkutano mkuu. Akikataa kukuachia, andika jina lake, namba ya gari na saa aliyofika. Halafu nenda kwa hao wenzako wote, nyumba kwa nyumba, ukawaulize kama kweli wamesaini.